Nchi za Jirani: Hataza ya Nairobi Inaishia Namanga

Maelezo baada ya habari, kwa wasikilizaji wa majeshi ya ulinzi na polisi

Mwaka 2005, katika mji wa Thika na katika baadhi ya mitaa ya Nairobi, wananchi wa Kenya wasiotimia 500 waliandikishwa katika majaribio ya kulipa mikopo kwa simu ya mkononi. Fedha za majaribio zilitoka Uingereza, sehemu kwa kampuni ya simu ya Vodafone na sehemu kwa serikali ya nchi hiyo. Kusudi lilikuwa dogo: kumwondolea mkopaji adha ya kufunga safari kila mara kupeleka marejesho yake. Lakini wananchi wale hawakuishia hapo. Mmoja alimlipia mwenziwe aliyepungukiwa. Mwingine alimnunulia jamaa yake muda wa maongezi. Mwingine alikabidhi fedha zake kwa wakala kabla ya kupanda gari, akazichukua kwa wakala wa pili huko alikoshukia, asije akaporwa njiani. Waliotengeneza mfumo waliyatazama hayo na kuyatia maanani. Machi 2007 kampuni ya Safaricom iliuzindua mfumo huo kwa jina la M-Pesa, nao haukuwa tena chombo cha kulipia mikopo bali cha kupelekeana fedha. Mwaka 2008 huduma hiyo ilivuka mpaka, ikaingia Tanzania kwa njia ya kampuni ya Vodacom.

Leo mpiganaji aliye lindoni Mtwara humpelekea mama yake fedha Kigoma bila kuondoka kambini, na halioni jambo hilo kuwa la ajabu. Linalosahauliwa ni nani aliyekuwa mwenye mali. Kwa miaka zaidi ya kumi na miwili, haki za jina na za mfumo huo zilikuwa mikononi mwa Vodafone huko Uingereza, na Safaricom iliutumia kwa mkataba na kulipa ada. Hata mitambo iliyokuwa ikihesabu shilingi za Wakenya ilikaa Ujerumani mpaka mwaka 2015, ndipo ilipohamishiwa Kenya. Aprili 2020 Safaricom na Vodacom zilitangaza kwamba zimekamilisha kuinunua M-Pesa kutoka Vodafone. Kwa maneno mengine, kitu kilichokomaa mikononi mwa wananchi wa Thika na Mathare kilibidi kinunuliwe ndipo kirudi Afrika. Haikuwa hila wala wizi. Aliyetoa mtaji, akaandika mkataba na kushika hati, ndiye aliyehesabiwa kuwa mwenyewe, na mwananchi aliyegundua matumizi mapya hakuwa na karatasi yoyote.

Tangu hapo katika vyuo na karakana za Nairobi neno moja limekuwa likitajwa mno na vijana wanaoanzisha kampuni changa, nalo ni hataza. Hataza ni hati inayotolewa na serikali kumpa mvumbuzi haki ya peke yake ya kutengeneza, kutumia na kuuza uvumbuzi wake kwa muda maalumu, ambao kwa Kenya, kama ilivyo kwa nchi nyingi za dunia, ni miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha maombi. Hati hiyo hutolewa na taasisi ya serikali iliyoko Nairobi, KIPI, kwa Sheria ya Miliki ya Viwanda ya mwaka 2001. Yafaa ieleweke kwamba Kenya yenyewe ilianza kutoa hataza zake mwaka 1990 tu. Kabla ya hapo, karibu miaka 27 baada ya Uhuru, Mkenya aliyebuni mashine Kisumu au Nakuru alipaswa kwanza apate hataza Uingereza, kisha airudishe nyumbani kuiandikisha. Sheria ya kikoloni ilikuwa imejificha mahali ambapo wachache walipatazama.

Lakini wapo vijana wanaoitegemea hataza kwa jambo isiloliweza. Sheria ya Kenya inasema wazi kwamba mpango au njia ya kufanya biashara si uvumbuzi unaopewa hataza. Wazo la kumtumia mtu fedha kwa simu, likiwa wazo tupu, lisingepata hati hiyo Nairobi hata kama lingebuniwa na Mkenya halisi. Maandishi ya programu hulindwa na hakimiliki, jina hulindwa kwa kuandikishwa kuwa alama ya biashara, na yaliyosalia hulindwa kwa mikataba na kwa kufunga mdomo. Hataza ni ya kifaa, ya kitu kilichochanganywa, au ya njia ya kutengenezea kitu. Nacho lazima kiwe kipya duniani kote, si Kenya peke yake. Kiwe ni jambo ambalo fundi wa kazi hiyo asingelifikia kwa urahisi tu. Tena kiwe kinaweza kutengenezwa au kutumika kiwandani, shambani au hospitalini.

Mfano mzuri wa kitu cha namna hiyo umetoka Uganda. Kijana Brian Gitta, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere, aliugua malaria, na vipimo vya damu alivyofanyiwa mara kadhaa havikuuonyesha ugonjwa huo. Yeye na wenzake wakaunda kifaa walichokipa jina la Kiswahili, Matibabu. Kifaa hicho hubanwa kwenye kidole. Mwanga mwekundu hupita katika ngozi, na kwa msaada wa sumaku hutafuta dalili ambazo kijidudu cha malaria huziacha ndani ya damu, pasipo kumtoboa mgonjwa. Juni 2018, mjini Nairobi, kijana huyo alitunukiwa Tuzo ya Afrika ya Uhandisi, ambayo hutolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, pamoja na pauni 25,000. Hapo pana mwanga, pana sumaku, pana namna mpya ya kuviunganisha, na fundi anaweza kukichora kifaa hicho na kukieleza kipande kwa kipande. Hayo ndiyo mambo ambayo mkaguzi wa hataza huyatafuta.

Tuzo na maonyesho yana hatari yake, hata hivyo, na hapa askari wa jeshi atalielewa jambo hili upesi kuliko mfanyabiashara. Anayepanga shambulio hatangazi saa ya kuondoka kabla hajaweka watu wake mahali pao. Katika hataza, kitu kilichokwisha kuonyeshwa hadharani si kipya tena. Kijana anayesimama jukwaani akakifungua kifaa chake mbele ya waamuzi, wageni na wapiga picha, au anayekiandika chote katika gazeti la chuo, anaweza kuwa ameivunja haki yake mwenyewe kwa mdomo wake. Sheria ya Kenya ina huruma kidogo: ikiwa mvumbuzi mwenyewe ndiye aliyetoboa siri, humwachia miezi 12 awasilishe maombi. Nchi za Ulaya hazina huruma hiyo, isipokuwa kwa mambo machache sana kama siri iliyotolewa na mtu mwingine kwa hiana. Basi kijana wa Nairobi aliyeonyesha kwanza na kuomba baadaye anaweza kubaki na hati ya Kenya mkononi, huku soko la Ujerumani na Ufaransa likiwa limekwisha kufungwa mbele yake milele. Mawakili wa kazi hii hushauri kwamba maombi yatangulie, sherehe ifuate. Na pale ambapo ni lazima kumwonyesha mtu mwenye mtaji kabla ya maombi, basi atie sahihi kwanza kwamba hatatoa siri.

Maombi yenyewe yana sehemu mbili zinazovutana. Sehemu ya kwanza ni maelezo ya uvumbuzi, ambayo lazima yawe kamili kiasi cha kumwezesha fundi mwingine kukitengeneza kitu hicho kwa kuyasoma tu. Ndiyo bei ya hataza: taifa linatoa ulinzi, mvumbuzi anatoa elimu, na muda ukiisha elimu hiyo inakuwa ya watu wote. Sehemu ya pili ni madai, sentensi chache zinazosema ulinzi unaanzia wapi na kuishia wapi. Madai ni kama ramani ya eneo la kikosi. Mpaka ukichorwa mpana mno, mkaguzi ataukata kwa sababu umeingia katika mambo yaliyokwisha kujulikana. Ukichorwa mwembamba mno, mshindani atabadilisha skrubu moja, apite pembeni, na hapatakuwa na kesi. Kijana anayeandika madai kwa mkono wake ili kuokoa ada ya wakili huokoa kidogo leo na kupoteza kingi baadaye.

Maombi yakishapokewa hutangazwa baada ya miezi 18, na mwombaji ana miaka mitatu ya kuomba uvumbuzi wake ukaguliwe. Asipoomba, maombi hufa. Hati ikipatikana, ada hulipwa kila mwaka, na asiyelipa hupoteza ulinzi hata kama miaka 20 haijatimia. Kwa kampuni changa yenye watu wanne na chumba cha kupanga, huo ni mzigo. Kwa sababu hiyo Kenya ina hati ndogo zaidi, ya miaka 10 isiyoongezwa, kwa ajili ya maboresho ya zana: jembe lililotengenezwa vizuri zaidi, jiko linalokula mkaa mchache, mashine ya kupukuchua mahindi. Hati hiyo haidai kiwango kilekile cha uvumbuzi. Mafundi wa jua kali wangeitumia zaidi ya wanavyoitumia sasa.

Wako pia waliochagua njia nyingine kabisa. Mwanzoni mwa mwaka 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi nchini Kenya, vijana wachache walitengeneza mfumo uliopokea habari za matukio kwa simu na kuyaonyesha kwenye ramani. Waliuita Ushahidi. Hawakuufungia, waliuachia dunia bure, na mwaka 2010 ulitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Mtu hawezi kusema vijana wale walikosea. Walijua wanachokitoa na kwa nini, na hilo ni tofauti na kunyang'anywa kwa kutokujua.

Jambo linalozihusu zaidi nchi hizi za jirani ni mpaka. Hataza ya Kenya ina nguvu ndani ya Kenya tu. Inaishia Namanga, Sirari, Holili na Horohoro kama inavyoishia Busia na Malaba. Mtu wa Arusha anayekitengeneza kifaa kilekile na kukiuza Arusha hajavunja sheria ya Tanzania, maadamu mvumbuzi hakuomba ulinzi Tanzania. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina ushuru wa forodha wa pamoja lakini haina ofisi ya pamoja ya hataza, na wafanyabiashara wengi hushangaa wanapoambiwa hivyo.

Ipo njia ya kupunguza safari. Shirika la ARIPO, lililozaliwa kwa mapatano ya Lusaka ya mwaka 1976 na lenye makao yake Harare, hupokea maombi mamoja kwa niaba ya nchi nyingi. Kwa Itifaki ya Harare ya mwaka 1982 mwombaji huandika maombi mara moja na kuzitaja nchi anazozitaka, mathalani Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Malawi, Zambia na Msumbiji. Ukaguzi hufanywa Harare, kisha kila nchi iliyotajwa ina miezi sita ya kukataa. Burundi na Kongo hazimo katika shirika hilo, kwa hiyo anayetaka kuuza Bujumbura au Lubumbashi hubisha hodi huko moja kwa moja. Zanzibar nayo ina sheria yake ya mwaka 2008 na ofisi yake, kwa kuwa jambo hili si la Muungano. Kwa anayetazama mbali zaidi ya Afrika, mkataba wa Paris humpa miezi 12 tangu maombi ya kwanza ili aombe kwingineko bila kupoteza tarehe yake, na mkataba wa ushirikiano wa hataza humpa hadi miezi 30 ya kutafuta fedha na kuchagua nchi. Muda huo ndio hasa kampuni changa inaounyatia: ni nafasi ya kumwonyesha mwenye mtaji kwamba mlango bado uko wazi.

Kwa upande wa polisi na walinzi wa mipaka, Kenya imetoa funzo ambalo halikuwa rahisi. Mwaka 2008 Bunge la nchi hiyo lilipitisha Sheria ya Kuzuia Bidhaa Bandia, likawapa wakaguzi mamlaka ya kupekua na kukamata. Nia ilikuwa njema, kwani betri, dawa za mimea na vipuri vya uongo vilikuwa vimezagaa. Lakini maneno yaliyoeleza bidhaa bandia yalikuwa mapana kupita kiasi, hata yakagusa haki za ubunifu zilizoko Kenya au kwingineko. Watu watatu wanaoishi na virusi vya UKIMWI walikwenda Mahakama Kuu wakieleza kwamba kwa maneno hayo dawa halali za bei nafuu, zinazotengenezwa na viwanda visivyo vya kampuni iliyobuni dawa ya asili, zingeweza kukamatwa bandarini kana kwamba ni bandia. Aprili 2012 mahakama ilikubaliana nao kwamba vifungu hivyo vinahatarisha haki ya kuishi ya wenye kuzihitaji dawa hizo, na ikaitaka serikali iviangalie upya. Askari anayefungua kontena hana budi kuijua tofauti hiyo. Dawa bandia ni ile inayomdanganya mnunuzi kuhusu ilivyo na ilikotoka. Ugomvi wa hataza ni ugomvi wa wenye mali wawili. Huamuliwa na hakimu mwenye michoro mbele yake, na mara nyingi hauwezi kuamuliwa kwa macho kando ya barabara.

Limebaki swali ambalo huulizwa na mafundi wa karakana za majeshi wenyewe, nalo ni hili: anayebuni akiwa kazini, mali ni ya nani? Sajenti Mikhail Kalashnikov, askari wa vifaru aliyejeruhiwa mwaka 1941, alibuni bunduki ambayo imetengenezwa katika nchi nyingi kuliko mtu anavyoweza kuzihesabu kwa vidole, naye hakutajirika kwayo; ilikuwa kazi ya jeshi na mali ya dola. Sheria ya Kenya inafanana na hiyo kwa sehemu: uvumbuzi uliofanywa katika kutimiza mkataba wa kazi ni wa mwajiri, kama mkataba hausemi vingine. Ila sheria inaongeza kwamba uvumbuzi ukiwa na thamani kubwa mno, mfanyakazi anastahili malipo ya haki. Tena serikali, kwa sababu za usalama wa taifa au afya ya wananchi, inaweza kuamuru hataza ya mtu itumike kwa manufaa ya umma, mradi mwenyewe alipwe fidia.

Malipo ya haki ni maneno mepesi kuandika. Huko Afrika Kusini, Novemba 2000, karani wa hesabu aliyekuwa mafunzoni katika kampuni ya Vodacom, Nkosana Makate, aliwaza namna mtu asiye na fedha katika simu anavyoweza kumwomba mwenziwe ampigie. Mchumba wake alikuwa chuoni mbali naye, na mara nyingi hakuwa na salio. Aliliandika wazo hilo, akampa mkuu wa idara ya bidhaa, wakakubaliana kwa mdomo kwamba akilipwa, kiasi kitazungumzwa baadaye. Huduma ilianza mwaka 2001, na gazeti la ndani la kampuni likamshukuru kijana huyo. Malipo hayakuja. Miaka ikapita, na aliyekuwa mkuu wa kampuni akaandika katika kitabu cha maisha yake kwamba wazo lilimjia yeye, alipokuwa barazani akiwatazama walinzi wawili wakihangaika kuitana kwa simu, mmoja wao akiwa hana salio.

Walinzi wale, kama walikuwapo, hawakuulizwa na mtu. Makate alikwenda mahakamani, akashindwa mwaka 2014, akakata rufaa, na Aprili 2016 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba kampuni imefungwa na ahadi ile ya mdomo na lazima wakae chini wazungumze malipo. Mwaka 2019 alipewa randi milioni 47 akazikataa. Shauri likarudi mahakamani mara kadhaa, mpaka Novemba 2025 Vodacom ilipotangaza kwamba pande mbili zimepatana nje ya mahakama. Kijana aliyeandika ukurasa ule alikuwa sasa mtu mzima, na ilikuwa imepita miaka 25.